Ngoma Iliyowapeleka Nyuki Mwambani

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo pakawa gani, ya watu waliokwisha kulala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Na nyinyi wakubwa msijifanye hadithi ni ya watoto. Ya leo inawahusu nyinyi zaidi.

Hapo zamani za kale palikuwa na nyuki. Walikuwa na mzinga wao mlimani, ndani ya shimo la mti mnene, wakauita Mzinga Mkuu. Mzinga ukajaa, pomoni. Wengine wakatoka, wakaruka, wakavuka mto, wakaanzisha mzinga mwingine nchi kavu, nchi ya miiba na mawe. Huo wakauita Mzinga wa Ng'ambo. Mlimani alitawala Malkia Mama. Ng'ambo alitawala binti yake, lakini amri zote zilitoka mlimani.

Nyuki wana desturi yao. Nyuki akiona maua haelezi kwa mdomo, anacheza. Hatua za ngoma ndiyo njia yenyewe. Basi kila msimu Mzinga Mkuu ulitunga ngoma, na ngoma ikapelekwa ng'ambo na mkaguzi, jina lake Bwana Makame. Bwana Makame alikuwa nyuki dume, mnene, sauti nzito. Tangu azaliwe hajawahi kugusa ua. Chakula analetewa. Lakini ngoma aliijua, jamani, hakosei hata hatua.

Alifika, vuuuu! Akatua katikati ya masega. Akacheza huku akiimba:

Tatu kulia, mbili kushoto,
shuka na upepo, fika!

Nyuki wa ng'ambo wakajifunza. Asubuhi wakatoka wote. Tatu kulia, mbili kushoto, wakashuka na upepo, wakafika. Wakafika wapi? Kwenye mwamba! Mwamba mtupu, umeungua jua, hauna jani. Kule mlimani ngoma ile ilishukia bondeni, kwenye mibuni iliyochanua nyeupe pe! Huku ikashukia jiwe.

Wakakaa juu ya jiwe, kimya. Kisha wakarudi nyumbani.

"Mmefika?" akauliza Bwana Makame.

"Tumefika, bwana."

"Vizuri sana." Akaondoka zake. Hakuuliza kama kuna ua.

Kesho yake wakaenda mwambani. Keshokutwa wakaenda mwambani. Kila siku asubuhi mwambani, na jioni ndipo wanahangaika huku na huko kuokota chavua kidogo, wamechoka, mabawa hayanyanyuki.

Miongoni mwao alikuwamo Siwema. Huyu Siwema, kabla hajaanza kwenda kutafuta maua, alikuwa yaya wa majana, yaani watoto wa nyuki walioko ndani ya masega. Aliwalisha mmoja mmoja. Sasa kila akirudi anachungulia vijumba vyao, anakuta kimoja kimenyamaza. Kesho vitatu. Siwema akalia. Hata aibu hakuona, alilia mbele za watu. Akasema, "Wanangu wataisha wote, na sisi tunakwenda kukalia jiwe!"

"Nyamaza," wenzake wakamwambia. "Ngoma ya mlimani hiyo."

Siku moja, wenzake walipoondoka mwambani, Siwema akabaki. Hakuwa na nguvu ya kuruka. Mara akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Nani huyo? Kobe.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Leo umebaki peke yako kwenye ibada?"

"Ibada gani, mzee?"

"Si hii yenu! Kila asubuhi mnakuja, mnakalia jiwe kimya, mnaondoka. Nikasema, nyuki wamepata dini mpya. Sikutaka kuwasumbua."

Siwema akataka kucheka, akashindwa. Akamtazama Kobe vizuri. Pembeni mwa mdomo wake pana unga wa njano. Moyo ukamruka pa!

"Mzee, hiyo njano mdomoni ni ya nini?"

"Ya maua. Kule korongoni yamejaa. Ila ukienda asubuhi huyaoni, yanafunguka jua likishapinda. Mbona siku zote hamkuniuliza? Mimi nipo hapa hapa."

Siwema akamfuata. Mwendo wa kobe mnaujua, lakini siku hiyo hakukasirika. Jua likapinda. Korongoni maua yakafunguka, pwa, pwa, pwa, njano tupu mpaka macho yanauma. Siwema akajaza miguu chavua, akarudi mbio. Akacheza ngoma ambayo haikupata kuchezwa:

Moja kulia, nne kushoto,
ngoja jua lipinde, zama!

Malkia binti akatazama chavua, akatazama vijumba vilivyonyamaza. Akasema, "Nendeni." Wakaenda. Majana wakala, wakanenepa. Asali ikaanza kudondoka yenyewe.

Msimu ukaisha, Bwana Makame akaja kukagua. Akaona asali, akashangaa. Siwema akamsogelea kwa adabu. "Bwana, tumepata njia yetu huku. Niwafundishe na wa mlimani jinsi tulivyoipata?"

Bwana Makame akacheka, he he he! "Wewe? Binti, ngoma inatoka mlimani kuja huku. Umewahi kuona inatoka huku kwenda mlimani?"

Akarudi kwa Malkia Mama. Unajua alisema nini? Alisema, "Mtukufu Malkia, ng'ambo asali imefurika. Ngoma yetu imefanya kazi." Wakampigia vigelegele! Mkaguzi mwenyewe akainama, akapokea sifa. Haya, wakubwa, mbona mnatazama chini?

Mwaka uliofuata mvua ikachelewa mlimani. Mibuni haikuchanua. Nyuki wa mlimani wakacheza ngoma yao, tatu kulia, mbili kushoto, wakashuka na upepo, wakakuta majani matupu. Wakarudia. Majani matupu. Na huko ndani vijumba vya majana vikaanza kunyamaza, kimoja, vitatu, kumi.

Malkia Mama akamwita mkaguzi. "Makame, ngoma hii imefurisha asali ng'ambo. Kwa nini hapa imekataa?"

Bwana Makame akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwisho akasema, "Malkia, nisamehe. Ile asali haikutokana na ngoma yetu. Kuna binti huko, anaitwa Siwema. Alitaka kuja kutueleza. Nilimcheka."

Nyuki wote wakamgeukia.

"Mlete," akasema Malkia Mama.

Siwema akaja. Alipoingia Mzinga Mkuu akakuta nyuki maelfu kwa maelfu wamepanga mistari, wanamngoja yeye. Akachungulia vijumba. Majana wa pale walikuwa wamekonda kama wake wa mwaka jana.

"Cheza tuione," wakasema.

Siwema alitaka kuwaambia, jamani, hii ni ya kwetu, ya korongo letu. Lakini tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumtazama hivyo. Akajisikia mkubwa. Akacheza. Moja kulia, nne kushoto, ngoja jua lipinde, zama! Wakaishika neno kwa neno. Kesho yake wakatoka nyuki mia mbili. Moja kulia. Nne kushoto. Wakangoja jua lipinde. Mlimani jua likipinda ukungu unashuka. Wakazama ndani ya ukungu, na chini ya ukungu palikuwa na maporomoko ya maji.

Wakarudi themanini.

Siwema akajikunyata pembeni, akajifunika uso kwa mabawa. Akasema, "Mimi nimewaua. Nilimchukia Makame bure. Nimefanya kile kile alichofanya yeye."

Nyuki wengine walitaka kumtoa nje. Bwana Makame, wa ajabu huyu, akasimama mlangoni akawazuia. "Kama ni kutolewa, tuanze na mimi," akasema. "Mwacheni anyanyue kichwa. Binti, ile njia uliipataje?"

Hapo Siwema akanyanyua kichwa. Uliipataje! Swali hilo hakuwahi kuulizwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kulijibu.

"Sikuipata kwa kucheza," akasema pole pole. "Nilimwuliza jirani. Nilimwuliza anayeishi pale pale. Ngoma yangu isahauni. Niambieni, hapa mlimani nani hutoka kila siku na hachezi ngoma?"

Wakatazamana. Sauti ikatoka nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ya kizee. "Labda mimi." Alikuwa Bi Kidawa, mchota maji. Mabawa yake yamechakaa, hakuna aliyekumbuka umri wake.

"Shikamoo, bibi," akasema Siwema. "Huko unakochota maji kuna nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuna migomba. Mikungu inatoka, maua yananidondokea kichwani mpaka kero."

"Maua!" mzinga mzima ukapiga kelele. Malkia Mama akashuka kutoka kitini pake. "Bi Kidawa, watoto wanakufa humu ndani! Mbona hukusema?"

Bi Kidawa akamtazama bila woga. "Mchota maji hachezi ngoma, Malkia. Ningeanzia wapi? Nilidhani mnajua. Nyinyi ndio Mzinga Mkuu."

Malkia Mama akainamisha kichwa mbele ya mchota maji, na mzinga wote ukaona.

Kesho yake asubuhi Bi Kidawa akatangulia, wengine wakamfuata, vuuu, mpaka migombani. Majana wakala. Waliosalia wakapona.

Tangu siku hiyo Bwana Makame anaendelea kuvuka mto kila msimu. Ila hachezi tena. Akifika anatua, anaamkia, kisha anauliza, "Huku kwenu mmeona nini?" Akirudi mlimani anaulizwa hivyo hivyo. Na Siwema kila mwaka huenda peke yake mwambani, anakaa juu ya jiwe kimya, anawakumbuka wale mia na ishirini. Kobe humpitia pale. Hamtanii tena kuhusu ibada.

Funzo lake ni hili. Ujuzi si mali ya mlimani peke yake. Aliye mbali anaona asichokiona aliye juu, na aliye mlangoni kwako huenda anajua unachokitafuta ng'ambo. Basi uliza, sikiliza, na ukipewa njia ya mwenzako usiivae kama ilivyo. Mwulize aliipataje.

Hadithi yangu naitua hapa, miguu imechoka. Mwenye ya kwao aisimulie, mimi leo ni zamu yangu kusikiliza.