Sisimizi na Jabali la Haki

Paukwa!

Pakawa!

Ah! Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Baba Chande, usijifanye umesinzia, nakuona. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Sasa kaeni vizuri, maana hadithi hii inapanda juu, halafu inaanguka.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na jumbe wao, naye ni Kifaru. Kifaru alikuwa na pembe. Alikuwa na nguvu. Alikuwa na ngozi ngumu. Macho ndiyo hakuwa nayo. Akimwona mkewe kwa mbali humwuliza, "Wewe ni kichuguu au ni mama watoto?" Lakini moyo wake haukuwa mbaya. Alitaka haki. Shida ya asiyeona ni kwamba humwamini yule anayemshika mkono, na aliyemshika mkono Kifaru alikuwa Fisi.

"Jumbe wangu," akasema Fisi, "kesi zinakuchosha. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, mashahidi wanapiga kelele, kichwa kinakuuma. Mimi nimepata dawa. Unaliona lile jabali?"

"Silioni," akasema Kifaru.

"Basi lipo, tena ni refu. Mtu akishukiwa, apande juu, aape, aruke. Kama hana hatia, Jabali litampokea taratibu, kama mama anavyompokea mwanawe. Kama ana hatia, litamvunja. Kesi imekwisha. Wewe ukalale."

Kifaru akapenda, maana kulala alikupenda sana. Wakaliita Jabali la Haki. Fisi akawa mlinzi wake. Kazi yake ilikuwa kukaa chini kwenye mawe, kumpokea anayeruka na kutangaza hukumu. Tena kama kuna maziko, azike yeye, wengine wasisumbuke. Kila akienda kazini alibeba mfuko wa chumvi. Wakimwuliza chumvi ya nini, anasema, "Ya maziko."

Wewe Kibibi, unacheka nini? Wale wanyama hawakucheka. Walisema, "Ahaa, ya maziko," wakaenda zao.

Basi. Kongoni akasingiziwa kuvunja uzio wa watu. Akapanda juu. Wanyama wakaimba:

*Jabali, Jabali, wewe ndiwe shahidi,*
*Msafi mpokee, mwongo mkatae!*

Kongoni akaruka. Waaaaa... PU! Kimya. Fisi akapaza sauti kutoka chini, "Ana hatiaaa!"

"Lo!" wakasema wanyama. "Nani angedhani? Na alivyokuwa mpole!"

Akafuata Nyani. Alishukiwa kuiba mkeka wa Kanga. Akapanda. Wakaimba. Akaruka. Waaaaa... PU! "Ana hatiaaa!" Haukupita muda, mkeka ukaonekana juu ya paa la Kanga mwenyewe, alikouanika akasahau. Wanyama wakamwendea Fisi. "Bwana Fisi, mkeka umeonekana."

Fisi akajifuta mdomo. "Jabali halikosei," akasema. "Labda alikuwa na kosa jingine."

Wakatazamana. Kila mmoja akakumbuka kosa lake jingine, akanyamaza.

Fisi akanenepa. Shingo ikajaa, tumbo likaburura chini. "Ni huzuni," alisema. "Mimi nikihuzunika nanenepa."

Sasa tuje kwenye asali. Kifaru alikuwa na kibuyu cha asali, kimetundikwa ghalani. Kikawa kinapungua. Mlango haukuvunjwa, paa halikutobolewa, asali inapungua tu. Leo iko shingoni, kesho iko kiunoni. Nani anakula?

Alikuwa Sisimizi. Yeye na ndugu zake walijipanga mstari, mmoja anakwenda, mmoja anarudi, kila mmoja na kitone chake. Ninyi mmezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba humaliza kibuyu pia, muulizeni Kifaru.

Sisimizi hawa walikaa katika ufa, ukutani mwa shimo la Ngiri. Ngiri huyo aliitwa Mama Vumbi, mjane mwenye watoto wengi na kelele nyingi. Wengine wakiona sisimizi ukutani humwaga jivu la moto. Mama Vumbi hakumwaga. "Jirani ni jirani," alisema, "hata kama humwoni mpaka uiname." Asubuhi alimwamkia Sisimizi, "Umeamkaje, shoga?" Naye Sisimizi hujibu, "Salama, shoga," huku ameficha kitone nyuma ya mgongo.

Lakini asali hudondoka. Tone hapa, tone pale, kutoka ghalani mpaka mlangoni kwa Mama Vumbi. Fisi akafuata, pua chini, nusa, nusa, nusa. Akafika. Akainua macho. Akamtazama Mama Vumbi usoni. Akamtazama mapajani. Akameza mate, gudu!

"Mwizi ni huyu," akasema.

"Mimi?" akalia Mama Vumbi. "Asali mimi sijaionja tangu nizaliwe!"

"Hayo utalieleza Jabali. Kesho asubuhi." Na Fisi akaondoka mbio kutafuta chumvi nyingine.

Sisimizi alikuwa ufani, amesikia yote. Kitone kikamwia kichungu kinywani. Ndugu zake wakamwambia, "Nyamaza wewe. Nani atatushuku sisi? Tumbo letu likijaa halijazi hata jicho la nzi."

Sisimizi akachungulia. Wana wa Ngiri wamemzunguka mama yao. "Mama, kesho utarudi mchana au jioni?"

"Nitarudi," akasema Mama Vumbi. Kisha akageukia ukutani wasimwone. Chozi likamtoka, likaanguka ufani, likamlowesha Sisimizi mzima, nusura limzamishe. Sisimizi akaona aibu. Sisemi huruma, huruma hata mpita njia anaweza kuiona. Aliona aibu, maana kosa lilikuwa lake.

Asubuhi kukawa na watu wengi juu ya Jabali. Mama Vumbi yuko ukingoni, wanawe wanalia, Fisi ameshika mfuko. Nyimbo zikaanza. Mara sauti ndogo ikatoka kwenye pembe ya Kifaru.

"Jumbe! Asali nimekula mimi!"

Kifaru akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Nani huyo? Namsikia mbu mwenye mafua."

"Ni mimi Sisimizi, niko juu ya pembe yako. Mwachie Mama Vumbi. Mwizi ni mimi!"

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kibuyu kizima? Huyu? Lakini Fisi hakucheka.

"Jumbe, usimsikilize! Huyu hafai! Huyu hana nyama... hana maana, nilitaka kusema. Tuendelee na Ngiri, jua linapanda."

"Sheria ni sheria," akasema Sisimizi. "Ninakiri mbele ya wote, na ninaliomba Jabali. Nikivunjika, mwizi mmempata. Ngiri arudi kwa wanawe."

Kifaru akafikiri. Akifikiri husikika, krr, krr, kama jiwe la kusagia. "Anayeliomba Jabali hanyimwi," akasema. "Fisi, shuka ukampokee."

Fisi akashuka ananung'unika. Mfuko wa chumvi akauacha pale pale juu, maana aliona hauna kazi.

Sisimizi akasogea ukingoni. Akatazama chini. Mama yangu! Miguu yake yote sita ikaanza kugongana, hujui upi ni upi. Msidhani alijua atapona. Hakujua. Aliona mawe, na kati ya mawe aliona mifupa ya Kongoni. Akageuka. "Shoga," akasema, "niwie radhi." Akafumba macho, akaruka.

Wanyama wakasubiri PU. Haikuja. Wakatega sikio. Haikuja.

Kumbe Sisimizi bado yuko njiani! Upepo umempokea. Akienda chini kidogo, upepo unamzuia. Akienda tena, unamzuia tena. Pepe, pepe, pepe, huku na huko, kama unyoya wa kuku. Akafumbua jicho moja. "Mbona sifiki?" akajiuliza. Pepe, pepe, pepe. Mwisho akatua juu ya pua ya Fisi, na Fisi mwenyewe hakuhisi kitu.

Fisi anatafuta. Akageuza jiwe hili. Akageuza jiwe lile. "Yuko wapi huyu takataka?" Akachoka. Akapanda juu mbio, akavaa uso wa msiba.

"Ana hatia!" akatangaza. "Amevunjika vipande vipande! Kichwa kule, miguu huku. Masikini. Nimemzika kwa mikono yangu, nikamlilia."

"Ahsante kwa kunizika," ikasema sauti juu ya pua yake.

Macho ya Fisi yote mawili yakageukia puani. Wanyama wakapiga yowe. "Yu hai! Yu hai!" Sisimizi akajinyosha, akahesabu miguu yake, yote ipo.

"Basi huna hatia," akasema Kifaru. "Jabali limekupokea."

"Ninayo, Jumbe. Asali yako iko ufani kwangu. Tuma mtu akachimbe."

Nguchiro akatumwa mbio. Akarudi anaramba kidole. "Ipo," akasema. "Kweli ipo. Ngojeni nikahakikishe tena."

Kifaru akaanza kufikiri, krr, krr, krr. Alifikiri mpaka jasho likamtoka.

"Mwizi ameruka," akasema polepole, "na mwizi amepona."

"Ndiyo, Jumbe."

"Basi Jabali halijui nani mwizi."

"Halijui, Jumbe. Mimi mwenyewe sikulijua hilo mpaka nilipokuwa njiani. Jabali halikuniuliza kitu. Mimi ni mdogo na upepo ni mwingi, basi."

"Na Kongoni?" akauliza Kifaru. "Na Nyani?"

Mjane wa Kongoni akakaa chini, akafunika uso. Kanga akalia kwa sauti, akiukumbuka mkeka wake juu ya paa. Waliimba wote, wote walipiga makofi, na sasa hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Hapo, wanangu, hata mimi huwa sicheki.

"Jumbe," akasema Fisi haraka, "hilo ni kosa dogo tu. Jabali lilipitiwa na usingizi. Turudi kwa Ngiri."

Kifaru akapiga hatua, akakanyaga kitu laini. Mfuko ukapasuka. Akainama akanusa. Hana macho, lakini pua anayo. "Chumvi," akasema. Akanusa tena, akapiga chafya, chaa! "Na pilipili. Fisi, maziko gani haya yana pilipili?"

Fisi akarudi nyuma hatua.

"Hebu tumalize shaka," akasema Kifaru. "Wewe umesema Jabali ni kweli, basi kama huna hatia litakupokea. Sogea ukingoni. Ruka."

"Mimi?" Fisi akapiga ukelele. "Mimi niruke? Nitavunjika!"

"Uvunjike kwa nini, nawe msafi?"

"Usafi unahusu nini? Huoni nilivyo mzito?"

Akalisema hilo mbele ya wote. Akajisikia mwenyewe. Akaziba mdomo, lakini neno lilikwisha toka. Wanyama wakamsogelea. Fisi akageuka, akatimua, mkia katikati ya miguu, matako chini chini akiogopa teke la Kifaru. Ndiyo maana mpaka leo anakimbia vile, na ndiyo maana hucheka peke yake porini, maana wa kucheka naye hapati.

Jabali la Haki likaachwa likawa jabali tu, mbuzi wakapanda kula majani. Kifaru akarudi kusikiliza kesi, na mashahidi, na kelele, na kichwa kikamuuma kama zamani. Hakulala tena mchana.

"Wewe Sisimizi umekiri," akasema, "lakini asali ni asali. Utanilipa, wewe na ukoo wako, kitone kwa kitone." Wanalipa mpaka leo. Ndiyo maana humkuti sisimizi amekaa tu, kila saa ana mzigo. Na ukimwona ameanguka kutoka darini, akatua, akajipangusa, akaendelea na safari, usimsifu kwamba ni mwema. Ni mdogo tu, na upepo ni mwingi.

Jioni ile Sisimizi akarudi ufani. Mama Vumbi yuko mlangoni na wanawe, kanuna, hamwangalii.

"Shoga," akasema Sisimizi, "najua. Nusura ufe kwa ajili yangu. Una haki ya kukasirika."

"Hilo nimekwisha kusamehe pale pale ulipofumba macho," akasema Mama Vumbi. "Lakini wewe! Muda wote huo asali iko ukutani mwangu, kila asubuhi nakuamkia shoga, shoga, na hukunionjesha hata ncha ya ulimi!"

Wanangu, na wakubwa mnaosikiliza kwa kujificha, mafunzo ni haya. Aliyeanguka akavunjika si lazima awe mkosaji, na aliyeanguka akasimama si lazima awe mwema. Haki hutafutwa kwa kuuliza na kusikiliza. Na anayewaambia hukumu ni rahisi, mtazameni kwanza amebeba nini mfukoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeidondosha kutoka juu mbele yenu. Kama haikuvunjika, iokoteni mwende nayo nyumbani.