Kiboko Alivyofunga Kivinjari cha Pelele

Hapo zamani za kale, na kale hiyo si ya mbali sana maana kompyuta zilikuwepo, wanyama wa Bonde la Mawe waligawana maji ya kijito kwa mkutano wa video. Kila mmoja alikaa kwake, akafungua kivinjari, akaingia. Mwenyekiti Twiga aliita majina kwa ukubwa wa mwili: Tembo kwanza, Pelele mwisho. Asiyeitika, zamu yake ya maji ilikwenda kwa jirani.

Na jirani wa Pelele alikuwa nani? Kiboko!

Siku hiyo Kiboko aliitika mapema, kisha akatoka mbio, tindi, tindi, tindi, hadi kwa Pelele.

"Shikamoo, mjomba," alisema Pelele. Watoto wake watano walikuwa wamekaa juu ya madumu matupu.

"Marahaba. Mkutano wako uko wapi?"

Pelele akamwelewa. Akabonyeza kitufe kimoja, maiki ikawa wazi.

"Umo kwenye kivinjari, mjomba. Nakuomba, kaa, kula, lala, ila usikifunge!"

Sasa sikilizeni, wanangu. Kivinjari kilikuwa na mapishi ya kunde tu. Binamu yake Nguchiro alimtengenezea Pelele programu yake mwenyewe, isiyo rasmi, ya kuingilia mkutanoni bila kivinjari. Ilikuwa imejificha chini ya skrini.

"Swala!" iliita sauti ya Twiga. "Nipo!" "Digidigi!" "Nipo!"

Kiboko akashusha kidole chake kinene. Pa! Kivinjari kikafungwa. Kimya.

"Kwisha habari yako! Zamu yako ni yangu, mimi nioge. Wanao walambe umande!"

Kumbe kimya kile kilikuwa cha bonde zima likisikiliza.

"Pelele!" Twiga akaita.

"Nipo, mwenyekiti!"

Kiboko aliruka hadi kichwa kikagonga dari, akaiona programu chini ya skrini. "Programu hiyo si rasmi! Niliyosema hayahesabiki!"

"Programu si rasmi," alijibu Twiga, "lakini sauti ni yako. Wiki hii zamu yako apewe Pelele, na madumu uyabebe wewe."

Bonde zima likacheka, kwa kwa kwa! Watoto wa Pelele walicheka kuliko wote, wakapanda mgongoni kwa Kiboko pamoja na madumu yao, wakaenda kijitoni.

Basi wanangu, ukimfungia mdogo mlango unaoujua, usidhani hana mwingine usioujua.