Aliyeoga Juu ya Mji

Mwanamke mmoja katika nchi ya Wayoruba alikuwa na mitungi mitatu ya nili, na katika wiki moja yote mitatu ikafa. Jina lake Awero. Kazi yake ilikuwa kutia vitambaa rangi ya buluu, kazi aliyofundishwa na mama yake. Mtungi wa nili ukiwa hai hutoa povu, na kitambaa kilichozamishwa humo hutoka kijani, kisha kikipigwa na upepo kinageuka buluu mbele ya macho yako. Mitungi ya Awero haikutoa povu. Alibadilisha majani, akachuja upya maji ya majivu, akasubiri. Vitambaa vilitoka na rangi ya vumbi.

Msidhani alivililia vitambaa. Awero alikuwa na binti mmoja tu, Asake, aliyeolewa mtaa wa chini karibu na mto, na Asake alikuwa amebakiza siku chache ajifungue. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Alijiambia kwamba mtu amemfungia njia, na kwamba mkono ule ukimaliza mitungi utaenda kwa mwanawe, mtoto akose pa kutokea. Chakula kikamshinda. Kila jirani aliyemsalimu, alimtazama mikono.

Akaenda kwa Baba Fatoki, mganga wa majani, akapiga magoti kama ilivyo desturi yao, akaeleza. Mzee hakumwuliza anamshuku nani, na hilo lilimuudhi kidogo, maana alikwenda na majina manne tayari. Mzee alichukua majani akayasemesha moja baada ya jingine, kila jani kwa jina lake la sifa, akiliambia kazi yake, kwa sababu watu wale husema jani lisiloitwa halifanyi kazi. Akayatwanga pamoja na sabuni nyeusi. Akampa na dodoki, akalifunga fundo kwa uzi wa buluu aliouchomoa kwenye vazi la Awero mwenyewe. Kisha akampa masharti. Aoge mtoni asubuhi saba, katika maji yanayotembea. Aoge chini ya mji, chini kabisa ya mtu wa mwisho anayeteka maji. Siku ya saba aliachie dodoki liende na mto, naye aondoke bila kugeuka nyuma.

"Mama Asake," alisema, "sabuni hii haiui kizuizi. Inakitoa kwako tu. Kikiingia kwa mwingine, hakitatoka mpaka wewe mwenyewe ukiite kwa kinywa chako, mbele za watu."

Awero aliitikia kila neno, akashukuru, akaondoka akiwa ameshika sabuni chini ya kanga.

Sasa sikilizeni alivyofanya, kwa kuwa sote tungefanya vilevile. Chini ya mji ndipo wakulima wote wanapovukia kwenda mashambani. Mtu akionekana pale alfajiri na sabuni nyeusi, hana haja ya kueleza chochote. Watia nili wenzake wangejua kabla jua halijatoka kwamba Awero amefungwa. Na huyo aliyemfunga naye angejua, akarudia kumfunga kwa fundo gumu zaidi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Asubuhi ya kwanza alitoka mlangoni, akasimama kidogo njia panda, akapanda kufuata mto hadi juu ya mji, penye mianzi mingi, mahali asipoweza kuonwa na mtu.

Akaoga. Povu lilikuwa jeusi, lenye harufu ya moshi. Lilizunguka miguuni mwake mara moja, kisha likashika njia yake kuelekea mjini. Awero alihisi mabega yamekuwa mepesi, akalia kwa furaha. Aliporudi nyumbani alifunua mtungi wa kwanza, akakuta umeanza kutoa povu.

Siku ya tatu wa pili ulifufuka. Siku hiyohiyo alisikia kwamba mitungi ya Ibidun, jirani yake wa upande wa chini, imekufa yote. Jina la Ibidun lilikuwa la kwanza kati ya yale manne. Awero alimpa pole, na moyoni akasema sasa ameonja. Siku ya nne mwashi mmoja wa mtaa wa chini alishindwa kufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, ikabidi uvunjwe. Siku ya tano mbuzi wa jirani wa Asake alishikwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto akakwama, wakafa wote wawili. Habari hiyo Awero aliletewa akiwa ameinama juu ya mtungi, akakiacha kitambaa kizame ndani ya nili. Alielewa. Nawaambia alielewa siku ile ile, wala msimtetee.

Angeweza kutoka nje na kuwaambia watu wasiteke maji. Lakini wangemwuliza kwa nini. Na zilikuwa zimebaki asubuhi mbili tu, na mtungi wa tatu ulikuwa bado. Akaenda mbio mpaka kwa binti yake.

"Mwanangu, maji ya mto usiyaguse siku hizi. Yako ya mvua yanakutosha."

"Na wenzangu humu ndani, mama?"

"Nimekuambia wewe."

Asake alimtazama mama yake, akaenda kuufunika mtungi wa maji ya mvua. Kwao mtoto hamwulizi mzazi mara mbili.

Siku ya sita Awero alioga haraka haraka, siku ya saba akaoga amefumba macho. Akaliachia dodoki. Akaondoka bila kugeuka, na sharti hilo alilitimiza vizuri. Nyumbani mtungi wa tatu ulikuwa umejaa povu mpaka ukingoni. Hakupata hata nafasi ya kuchovya kitambaa. Mtu alisimama mlangoni kumwambia kwamba Asake ameshikwa na uchungu.

Alikuta chumba kimejaa wanawake. Mkunga alikuwa amekunja mikono yake miwili juu ya magoti, na mkunga akikaa hivyo, kila mzazi anajua. Mtoto alikuwa karibu, kichwa kilionekana, lakini hakuwa akisogea. Mtungi wa maji ya mvua ulikuwa mtupu, umelazwa ubavu. Yalikwisha jana yake, na asubuhi ile mama mkwe alikwenda mwenyewe mtoni akateka ya kumkandia mkamwana. Walimkanda nayo tumbo. Walimnywesha.

Mama mkwe aliingiza kata katika mtungi wa maji ya mto kuchota tena, kata ikakwama. Akatia mkono, akatoa dodoki. Lilikuwa bado linatoa povu jeusi. Fundo la uzi wa buluu lilining'inia chini ya vidole vyake, na chumba chote kikanuka moshi.

"Nani ameoga juu yetu?"

Wanawake walitazamana, kila mmoja akamtazama mwenzake mikono. Ibidun naye alikuwemo, amemshika Asake kichwa, anamfuta jasho. Awero alisimama ukutani. Alihitaji kusema maneno mawili tu. Alifikiria watakavyomwita kuanzia leo. Alifikiria mwashi, na mbuzi, na mitungi ya Ibidun. Alifikiria kwamba huenda mtoto atatoka hivi hivi, mara nyingi hutoka. Mkunga alibadilisha upande wa mkeka. Akabadilisha tena. Asake alikuwa ameacha kupiga kelele. Akageuza uso, akamtafuta mama yake kwa macho, akampata pale ukutani, akaona pindo la vazi la mama lilipochomolewa uzi wa buluu.

Hapo Awero akaanguka magotini.

"Ni mimi," alisema. "Kizuizi ni changu. Nakiita kirudi kwangu."

Alisema kwa sauti, mbele za watu, kama alivyoagizwa. Mkunga alimshika Asake, na mtoto akatoka mara moja, kwa wepesi uliowashangaza wote. Alikuwa mtoto wa kike, kamili, mzuri. Walimpiga mgongoni, wakampulizia puani, wakamwita kwa majina. Hakulia. Kwa muda ule ambao bibi yake alikaa kimya ukutani, pumzi yake ilikuwa imekwisha.

Asake alipona. Hakumtukana mama yake, na mpaka leo hamkosei heshima, ila akija kwake huja na maji yake ya kunywa. Mitungi mitatu ya Awero ilikufa jioni ileile, ya Ibidun ikafufuka, na Ibidun akamwomba Awero aje watie rangi pamoja. Awero hajaenda.

Ndugu zangu, wengi mmeingia hapa leo mkiwa wepesi, mnashukuru kwamba mzigo umewatoka, nami siwabishii, umewatoka. Ila mlipokuwa mkiuosha, nani alikuwa akiteka maji chini yenu?