Joho la Mahameli la Sultani Mwidadi

Hapo zamani, na mniwie radhi tangu sasa, kwani aliyenihadithia haya alikuwa kibogoyo tena akicheka, basi nusu ya maneno yalitoka na nusu akayameza; hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alikuwako Sultani Mwidadi, mwenye mali nyingi na mkono wa birika.

Mwaka huo ililetwa mahameli nyekundu kutoka nchi za Wafaranji. Ilifumwa huko kwenye baridi, ikauzwa Misri, ikauzwa tena Surati, na kila bandari ikaiongezea bei, ikawa ilipofika forodhani dhiraa moja ni ghali kuliko punda na matandiko yake. Sultani akataka joho la Idi. Joho hula dhiraa tisa. Yeye akanunua saba, akazipeleka mwenyewe kwa Fundi Kibwana, mshoni wa mji. Hapo dukani alikuwapo Shekue, fukara asiye na hata mkeka, akiokota nyuzi sakafuni kwa ujira wa ukoko wa wali.

"Hakitoshi, Bwana wangu," akasema fundi.

"Kigeuze kipande hiki kichwa chini, kitaingia hapa ubavuni."

"Mahameli ina manyoya, Bwana, nayo hulala upande mmoja kama ya paka. Kipande kikigeuzwa..."

"Paka ni wako, kitambaa ni changu. Kata."

Basi fundi akakata. Joho lilipokwisha, Sultani akalivaa, akasimama mbele ya kioo: upande wa kulia unameremeta kama komamanga, wa kushoto una giza kama ini. Wake zake wakacheka nyuma ya pazia, na yule mdogo akauliza, "Bwana, hilo ni joho moja, au ni mawili yanagombana?"

Sultani akawaka, akamwita fundi barazani. "Umeniibia mahameli yangu ukanitilia nyingine. Keshokutwa ni Idi. Nataka joho hili liwe rangi moja, lisifumuliwe, lisitiwe rangi, wala lisiongezwe hata uzi. Ukishindwa nitakikata kidole gumba chako cha kulia, tuone kama sindano hushikwa kwa meno."

Fundi akarudi nyumbani, hali, hanywi. Shekue alipoona jiko halikuwashwa, akajua kuwa msiba umemfika na yeye; akamwuliza fundi, akasimuliwa yote. Akajifunga shuka yake yenye madirisha, akaenda barazani.

"Nani wewe?" akauliza Sultani.

"Shekue, Bwana wangu, mla ukoko wa Fundi Kibwana. Mkikata kidole chake, mnakata na tumbo langu. Nimekuja kulifanya joho rangi moja."

"Pasipo kuongeza uzi?"

"Pasipo kuligusa. Bwana alivae tu, kisha afanye nitakalomwambia."

Sultani akaahidi mbele ya watu wote, akalivaa joho.

"Sasa lala."

"Nilale?"

"Chali, Bwana, kingamo, ubavu uelekee kwa watu."

Ahadi ni ahadi. Sultani akalala sakafuni, akanyooka. Wakubwa wa mji wakajipanga safu ubavuni pake, na kadhi, kwa mazoea ya kazi, akainua mikono masikioni kuanza kumswalia, mpaka waziri akamvuta kanzu. Wakatazama. Manyoya ya mahameli sasa yalilala kulia na kushoto, hakuna yaliyowaelekea wala yaliyowapa kisogo. Kulia ni komamanga, kushoto ni komamanga.

"Wallahi ni rangi moja," akasema kadhi.

"Nami nishinde Idi nzima hivi, kama papa mkavu?" akauliza Sultani kutoka chini.

"Bwana ametaka liwe rangi moja. Hakutaka awe amesimama."

Waziri akakohoa. Shekue akainama sikioni mwa Sultani, lakini sauti hakuipunguza: "Kitambaa ni kile kile, Bwana, na fundi hana kosa. Aliyeamuru kipande kigeuzwe yumo humu barazani. Amelala."

Kisha joho likaanza kutikisika tumboni, na Sultani akacheka hata kilemba kikamtoka kikabingirika. Akamsamehe fundi, kidole chake kikabaki mahali pake, na lile joho akamvika Shekue.

Siku ya Idi Shekue akapita nalo sokoni. Wachuuzi wakamwita, "We Shekue, mbona joho lako lina rangi mbili?"

"Joho halina kosa, jamaa zangu," akasema. "Kosa ni langu, niliyesimama."