Fisi Amchimbia Pimbi Chumba

Hapo zamani za kale, majabali yalipokuwa bado laini, Pimbi alijichongea nyumba ndani ya jabali. Alichonga kiangazi kizima kwa sururu butu, mgongo ukimuuma. Mlango akauacha mpana, ili wanawe wakikimbilia ndani wasigongane.

Siku alipomaliza kufagia, mawingu ya mvua yakijikusanya kwa mbali, Fisi akaingia bila hata hodi.

"Nyumba nzuri, bibie! Fungasha. Kuanzia leo ni yangu."

"Na wanangu mvua ikinyesha?"

"Si wana manyoya?"

Pimbi akayatazama meno ya Fisi. Kisha akayatazama makucha yake. Makucha yale!

"Sawa, kaka Fisi. Ila ukijinyoosha humu, miguu itabaki nje. Watu watakucheka."

"Nani anicheke mimi?"

"Mimi simo. Ongeza chumba huko nyuma. Kifusi tutakuzolea."

Fisi akaanza. Kwaru! Kwaru! Alichimba akitupa kifusi nyuma bila kugeuka. Laiti angegeuka! Pimbi hawatupi unga wa jabali. Wakiukanda kwa maji na kuuanika juani, huwa mgumu kuliko jabali lenyewe.

"Mama, tuukande laini?" akanong'ona mwanawe mkubwa, Chepe.

"Kama ugali wa wageni. Na ufunge mdomo."

Wakajenga mlangoni, wakabakiza tundu la kupita pimbi tu. Ndani kukawa giza. Fisi akadhani jua limezama, akalala. Khoroo! Khoroo! Nje, jua la mchana likaukausha ukuta.

Akaamka. "We Pimbi! Mlango uko wapi?"

"Huo hapo, kaka. Pita."

"Hata pua haipiti!"

"Usingizi umekunenepesha?"

Fisi akaukwaruza ukuta. Ka! Ukucha ukakatika. "Mawee! Nitoe! Nyumba siitaki tena!"

"Huku kumeshakauka. Chimba huko nyuma, ndiko kuliko laini."

Akachimba huku akilia, mpaka mwanga ukapenya. Akajirusha nje kwa furaha. Kumbe ni gengeni! Pu! Akaangukia kichaka cha upupu, akatimka akijikuna kila mahali.

Pimbi akachungulia pale Fisi alipotokea.

"Chumba kipya, tena chenye dirisha," akawaambia wanawe. "Haya, fagieni. Mvua hiyo."

Basi wanangu, anayempora mnyonge nyumba yake asishangae akiishia kumjengea.