Udongo wa Fundi Singano

"Ukiitwika mvua, huichagulii pa kutua." Mmenisikia nikimwambia fundi anayejenga pale juu, mkacheka, na sasa mnataka kujua nimeutoa wapi msemo huo. Basi tulieni, maana ulikozaliwa hakuna cha kuchekesha.

Hapa kwetu milimani mafundi walikuwa na ujanja wao. Wakichimba msingi, udongo waliutupa ukingoni mwa mteremko ili mvua iwabebee bure. Singano alikuwa bingwa wa ujanja huo. Alijenga duka kileleni, akasakafia uwanja mzima kwa saruji, na lundo la udongo na chokaa akaliacha juu ya mtaro wa barabara.

Mama yake, Bi Mwanjaa, alikuwa jirani yangu huku kando ya barabara, juu ya bonde. Ulikuwa mwaka wake wa pili kitandani, miguu imekufa ganzi. Siku moja niliona mawingu yametanda, nikapanda kileleni kwa Singano.

"Mwanangu, panga hata magunia ya mchanga, udongo huu usishuke. Bondeni ndiko tunakochota maji."

"Mama Kupaza, mvua ni kibarua wangu," alijibu akicheka. "Haidai ujira wala chai. Kesho hapa peupe."

Nilirudi na hasira zangu, nisimwambie mtu mwingine. Hadi leo najilaumu.

Alasiri mvua ikamwagika. Ule uwanja wa saruji haukunywa hata tone. Maji yote yakalivamia lundo. Tope likajaa mtaroni, likaziba bomba linalopita chini ya barabara kupeleka maji bondeni. Maji yalipokosa njia, yakageukia nyumba ya Bi Mwanjaa, yakamwaga tope ndani kupitia dirisha la nyuma.

Nilisukuma mlango, haukwenda. Tope lilikuwa limeuegemea kwa ndani.

"Singano!" nilipiga yowe. "Mama yako yumo humu!"

Alishuka akiteleza na kuanguka, tukauvunja mlango, akachimbua kwa mikono mitupu. Tulimkuta mama tope jeupe limemfika kidevuni, uso mzima umetapakaa chokaa.

Tulimtoa akiwa hai. Tulimwosha macho kwa ndoo baada ya ndoo, lakini chokaa ilikuwa imekwisha kuyaunguza. Hakuona tena.

Singano alimpigia magoti, akilia kama mtoto. "Nisamehe, mama. Udongo ule niliupeleka bondeni, si kwako!"

Bi Mwanjaa alipapasa hewani mpaka akakipata kichwa chake.

"Bondeni nako kuna watu, mwanangu," alisema. "Na ukiitwika mvua, huichagulii pa kutua."