Chachu ya Nyamizi

Sogeeni, wanangu. Niwape? Semeni, "Tupe!"

Palikuwa na Nyamizi, mpika pombe. Kila mtungi ukiisha, aliweka chachu ya chini kwa pombe ijayo, na kata moja akampa jirani yake, Kalunde.

Siku moja Zimwi akaja. Akavunja mitungi, akamwaga chachu yote, akamvunja mume wa Nyamizi miguu, akammeza mtoto wao Shija mzimamzima. "Kesho nikute pombe, la sivyo nakumeza wewe!"

Kalunde akaja mbio na vibuyu vitatu. "Dada, ni chachu yako ile ile."

Nyamizi akatikisa cha kwanza: kimya. Cha pili kilinuka siki. Cha tatu, povu likamrukia usoni. "Hii iko hai!"

Akapika uji wa kimea, ukapoa. Zimwi alipofika tu, Nyamizi akatia chachu, akampa kabla haujachacha.

"Mtamu kama togwa la watoto!" Zimwi akacheka. Akabugia mtungi, na mtungi, na mtungi, akajilaza juani.

Chachu ikachemkia tumboni. Tumbo likavimba, likavimba, likavimba, likapasuka! Damu ikaruka hadi juu ya paa, na Shija akatoka katikati ya povu, akipiga chafya.

Nyamizi akamkumbatia mwanawe. Kisha akakijaza chachu kibuyu cha Kalunde, maana kibuyu cha jirani, wanangu, hakirudi kitupu.